Yai la Nyumbani na Yai la Dukani



Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna mabishano madogo yasiyokwisha. Huzuka sokoni wanawake wanapokutana, na huzuka nyumbani familia inapoketi mezani: lipi lililo bora, yai la kuku wa kienyeji anayetembea uani, ama yai la kuku wa kizungu linalouzwa dukani katika plato ya mayai 30? Wengi hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Husema kwamba yai la nyumbani lina ladha, lina nguvu, na karibu ni dawa. La dukani, husema, ni maji matupu ndani ya ganda. Wengine, hasa ninyi vijana, mnawacheka wazee na kusema kwamba yai ni yai, na mwenye njaa hachagui.

Mimi nimeishi na mayai ya namna zote mbili. Nililelewa katika kiwanja kimoja cha Katuba ambamo kambo, mama wa mama yangu, alifuga kuku miaka yote niliyomfahamu. Leo, nikiwa mama mwenye nyumba yangu, nafuga mitetea saba na jogoo mmoja, na bado nanunua plato ya mayai karibu kila mwezi. Kwa hiyo naomba tulitafakari jambo hili pamoja, kwani nimeona kwamba nyuma ya swali la ladha limejificha swali zito zaidi, ambalo nyumba nyingi haziliulizi.

KUKU WAWILI, MAISHA MAWILI

Tuanze na kuku mwenyewe. Kuku wa kienyeji ni mama kabla ya kuwa mtagaji. Hutaga mayai 10 au 15 hivi, kisha huacha, hujikunyata juu yake na kuyaatamia kwa siku 21. Vifaranga wakitoka, huwaongoza kwa majuma mengi, huwafundisha kuchakura, na mwewe akipita angani huwaita chini ya mabawa yake. Bwana wetu, alipotaka kueleza huruma yake juu ya Yerusalemu, alichukua mfano huo huo, nao wasikilizaji wake hawakuhitaji maelezo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemwona kuku uani. Kwa mwendo huo wa kutaga, kuatamia na kulea, kuku wa nyumbani hukupa mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, wala huwezi kumharakisha.

Kuku wa kizungu amechaguliwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa kusudi moja tu, yaani kutaga. Hamu ya kuatamia karibu imetoweka katika damu yake. Huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi, na katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga huweza kutoa mayai karibu 300. Lakini hakuna muujiza hapo. Kila siku hana budi kula gramu 110 au 120 za chakula kilichopimwa: mahindi, soya, unga wa samaki, na chokaa kwa ajili ya ganda. Kwa maneno mengine, yeye hula mahindi yale yale tunayoyasaga ili kupika bukari. Unga ukipanda bei, yai lake nalo hupanda. Kuku wa uani, kwa upande wake, hula mchwa, wadudu, majani, na makombo ya sufuria. Yeye huchukua kile ambacho hakuna mtu angekila na kukigeuza kuwa chakula. Naona kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa, tena ndiyo isiyotajwa sana na wanaomsifu.

Kuna tofauti nyingine, nayo ni ya barabara. Mayai mengi ya plato tunayokula mjini kwetu yametoka Zambia, yakapita mpaka wa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, yakaruka pamoja na lori katika kila shimo la njia. Mnakumbuka Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa sababu ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Siku hizo kila mwenye duka katika mtaa wetu alizungumza habari za mpaka kana kwamba ni habari za ukuta wa nyumba yake. Mji wenye mamilioni ya watu ulitambua tena kwamba chai ya asubuhi na yai la kandoni mwake hutegemea lango moja. Kuku wa uani hajui lango hilo. Hata hivyo, mitetea saba hawawezi kulisha mtaa. Hata nyumba yangu hawailishi mwaka mzima.

JIKONI

Sasa tuingie jikoni, mahali ambapo mabishano yanapaswa kuanzia, kwani mpishi huona mambo ambayo mlaji hayaoni.

Yai la kienyeji ni dogo. Mara nyingi halifiki gramu 45, na la dukani huwa na gramu 60 hivi. Lakini kiini chake ni kikubwa ukilinganisha na ute, na ndiyo maana mchuzi wake huwa mzito. Likiwa limetagwa jana, ukilivunja juu ya kikaango, ute wake husimama na kukizunguka kiini bila kutawanyika. Yai lililosafiri siku nyingi hutawanyika kama maji yaliyomwagwa. Watu huona tofauti hiyo na kusema, “Tazama, la kizungu ni maji.” Kwa kweli wanachokiona zaidi ni umri. Yai la nyumbani likikaa kabatini majuma matatu hutawanyika vilevile, na yai la kuku wa kizungu lililotagwa leo asubuhi husimama imara.

Katika kuchemsha, yai bichi kabisa la nyumbani humwaibisha mpishi. Ganda lake hukataa kutoka. Ngozi nyembamba iliyo chini yake hushikamana na ute, na mwishowe unamletea mgeni yai lenye makovu. Sababu yake yajulikana: yai likikaa, hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka polepole kupitia vitundu vidogo vya ganda, ute hubadilika, na ile ngozi huachia. Kwa hiyo mayai ya kuchemsha ni yale yaliyokaa siku saba au kumi. Mabichi yawekwe kwa kukaanga. Aliye na mabichi tu ayatie katika maji ambayo tayari yanatokota, badala ya kuyaanzisha katika maji baridi, kisha ayatumbukize katika maji baridi mara yakishaiva. Yatamenyeka vizuri zaidi.

Kambo hakuwa na friji, lakini alijua umri wa kila yai. Alilitia katika bakuli la maji. Yai bichi hulala chini. La siku nyingi husimama kwa ncha. Lililopita wakati wake huelea, kwa kuwa chumba cha hewa ndani yake kimekua. Alikataza pia kuyaosha mayai kabla ya kuyaweka. Alisema kwamba kuku amelifunga yai lake kwa namna yake mwenyewe. Baadaye nilijifunza kwamba alikuwa na haki: ganda hufunikwa na utando mwembamba usioonekana, ambao huzuia vijidudu kuingia, na maji huuondoa. Yai huoshwa saa ile ile ya kupikwa.

Na kwa kuwa katika nyumba nyingi mayai ni machache na watoto ni wengi, nitawapa pishi la kwetu. Kaanga kitunguu na nyanya katika mafuta mpaka nyanya zisambaratike na maji yake yakauke. Tia chumvi na pilipili kidogo. Piga mayai matatu, yamimine juu ya nyanya, na uyakoroge taratibu kwa moto mdogo wa makala mpaka yagande kabisa. Mayai hayo matatu hutosha watu sita kwa bukari, na kila mmoja hupata. Yai la kukaanga zima halina uwezo huo. Yai zima huwa la mtu mmoja. Jambo hilo tutalirudia.

Kuhusu ladha, nitasimulia jioni moja tu. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na katika mbabula kulikuwa na sufuria moja yenye mayai ya kienyeji na ya dukani pamoja. Tuliyamenya gizani na kuyakata vipande. Mume wangu, aliye mtetezi mkubwa wa kuku wa kienyeji, alikula vipande vitano na kutangaza kila kimoja asili yake. Watoto walikula na kutangaza kinyume chake. Mshumaa ulipowashwa, maganda yalikuwa yamekwisha kuchanganyika, na kila mmoja aliendelea kuamini aliloliamini. Nadhani macho hula kabla ya ulimi. Tukiona kiini chenye rangi ya machungwa, ulimi tayari umekwisha kuambiwa la kusema.

YASEMWAYO NA YALIYO KWELI

Rangi hiyo ya kiini hutoka katika chakula. Kuku anayekula majani mabichi na mahindi ya manjano hutaga yai lenye kiini cha rangi kali. Anayekula mahindi meupe, kama yale tunayoyapenda kwa unga, hutoa kiini kilichofifia. Mfugaji mkubwa aweza kuongeza rangi kwa kubadili chakula cha kuku wake. Rangi ya ganda, nayo, iwe nyeupe au ya kahawia, hutegemea aina ya kuku tu. Kwa protini, yai la kawaida lina gramu 6 hivi, na gramu kwa gramu hakuna tofauti kubwa kati ya la uani na la dukani. Kuku aliyekula majani na wadudu aweza kuweka katika kiini chake vitamini na mafuta mema zaidi kidogo. Lakini aliyekula vibaya wakati wa kiangazi hawezi kutoa asichokuwa nacho.

Je, lipi ni safi? Hapa yatupasa kusema ukweli pande zote mbili. Katika mazizi makubwa, ambamo kuku hukaa maelfu kwa maelfu, mfugaji asiye mwaminifu aweza kuwapa dawa na kuuza mayai kabla ya siku zilizoamriwa kupita, nawe mnunuzi huwezi kuliona hilo kwa macho. Na yai la nyumbani nalo laweza kubeba kijidudu cha salmonela kama la dukani, hasa likiwa limepakwa mavi. Kwa hiyo kwa watoto, wajawazito na wagonjwa, yai lolote lipikwe mpaka kiini kigande.

Lakini kwetu Lubumbashi kuna jambo la pekee. Shaba imeyeyushwa katika mji huu tangu 1911, na kila mtoto anaujua mnara wa moshi na mlima mweusi wa mabaki ulio kando yake. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wao ulioonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti na madini mengine mengi mno katika mkojo wao. Kuku huchakura udongo mchana kutwa na kumeza sehemu yake. Na katika nchi mbalimbali imeonekana kwamba udongo ukiwa na madini ya risasi, madini hayo huingia katika mayai. Kwa hiyo anayefuga karibu na kiwanda, karibu na mahali pa kuoshea mawe ya madini, au pale betri za zamani zinapovunjwa, asijidai kwamba yai lake ni safi kwa sababu tu limetoka nyumbani. Kuku wake na wafungiwe mahali penye udongo mwema ulioletwa kutoka mbali, na wapewe chakula chao chomboni badala ya kukiokota chini.

YAI LISILOLIWA

Sasa nafika penye neno lenyewe.

Kwa miaka mingi ya utoto wangu kazi yangu ilikuwa kukusanya mayai ya kambo. Nilijua kila mtetea alipoficha yake: mmoja nyuma ya gunia za makala, mwingine chini ya mti wa mwembe, mwingine ndani ya pipa lililotoboka. Niliyahesabu, nikayabeba katika pindo la nguo yangu, nikayaweka mikononi mwa kambo. Nilikuwa na miaka 13 nilipokula yai langu la kwanza zima, na halikuwa la kambo. Nilipewa na shangazi yangu siku nilipomtembelea, nalo lilikuwa la plato.

Msinielewe vibaya: kambo hakuwa mchoyo. Alikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo ilitulea. Mayai mazuri aliyaacha yaatamiwe, kwa kuwa yai moja leo ni kuku baada ya miezi saba, na kuku wawili au watatu walilipa minervali ya muhula. Mengine aliyauza. Mgeni akifika, yai lilikaangwa kwa heshima yake. Siku ya sikukuu, yaliyo bora yalipelekwa parokiani katika maandamano ya matoleo, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Lililosalia lilikuwa la baba, na baada yake la kaka yangu. Kwa wasichana na kwa mama mjamzito kulikuwa na maneno ya kale: kwamba mtoto akila yai atakuwa mwizi, na mimba ya anayekula mayai italeta mtoto asiye na nywele. Maneno ya namna hiyo yanasikika katika makabila mengi ya nchi yetu. Yamkini zamani yalikuwa njia ya kuwalinda kuku wasimalizike, kwa maana mtoto akishaonja yai huanza kulitafuta kiotani. Lakini angalieni yalimwangukia nani. Hayakumwangukia mgeni, wala baba. Yaliwaangukia wale ambao miili yao ilikuwa inajenga mifupa, na wale waliokuwa wakijenga mwili wa mwingine tumboni.

Kisha mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, ugonjwa wa Newcastle, ambao Waswahili wengine huuita kideri, uliingia katika mtaa wetu. Kuku 14 wa kambo walibaki wawili katika juma moja. Vile vilivyohifadhiwa kwa ajili ya kesho vilizikwa katika shimo nyuma ya choo, na watoto waliokuwa wakingoja hawakuwa wameonja hata kimoja. Kambo alikaa juu ya kigoda chake siku ile, asiseme neno, akiwa ameshika unyoya mmoja mkononi.

HESABU YA DADA YANGU

Miaka mingi baadaye, dada yangu mdogo alirudi kukaa katika kiwanja kile kile pamoja na binti yake wa miaka miwili. Mtoto alikuwa ametoka katika surua, naye alikonda sana. Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuzungusha ule utepe wa rangi tatu katika mkono wake wa juu, na utepe ukasoma rangi ya manjano, yaani hatari iliyo karibu na nyekundu. Muuguzi akasema: uji uliotiwa mafuta, maharagwe yaliyopondwa, na yai moja kila siku kama mnaweza. Dada yangu aliuliza, “La kienyeji au la dukani?” Muuguzi akajibu, “Mama, lolote. Neno langu ni kila siku.”

Wakati huo kambo alikuwa hai bado, mzee sana, na kuku walikuwa wanne. Wawili walikuwa wanaatamia. Wawili waliobaki walitaga siku moja na kupumzika siku nyingine. Kambo aliapa kwamba kitukuu chake hatakula yai la mashine. Akaamuru mtoto angoje yai la nyumbani. Jirani mmoja akaongeza lile neno la wizi. Kwa hiyo, katika nyumba yenye kuku wanne, mtoto mwenye utepe wa manjano alipata mayai mawili katika juma la kwanza.

Dada yangu hakubishana. Katika mtaa ule wa pili kulikuwa na mwenye mkahawa aliyetaka mayai ya kienyeji kwa ajili ya wateja wake, naye aliyalipia vizuri. Kwa bei ya mayai mawili ya nyumbani dada yangu aliweza kununua matatu ya plato, na siku nyingine manne. Asubuhi moja alichukua yale yaliyokuwamo kikapuni, akayauza, akaongeza pesa kidogo ya kitenge alichoshona, akarudi na plato nzima. Akaiweka juu ya meza mbele ya kambo, akapiga magoti, akasema, “Kambo, kuku wako ndio wamemnunulia mtoto haya.”

Kambo hakumjibu siku ile, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu alimwita mtoto mapajani pake, akachukua yai lililochemshwa, akalimenya kwa vidole vyake vilivyokuwa vikitetemeka, akampa kipande kwa kipande. Tangu hapo kazi ya kumenya ikawa yake. Lakini mpaka mwisho wa maisha yake aliliita “yai la Kasumbalesa”, na kila alipolitaja alikunja pua kidogo. Baada ya miezi mitatu utepe ulisoma kijani. Siwezi kusema kwamba ni yai peke yake lililofanya hivyo. Kulikuwa na uji, na maharagwe, na mama aliyekuwa akiamka alfajiri. Lakini yai lilikuwamo, kila siku, kama alivyosema muuguzi.

KWENU NINYI VIJANA

Baada ya hayo yote, nikiulizwa lipi lililo bora, hujibu hivi. Kwa kukaanga, kwa mchuzi mzito, na kwa kutumia vizuri kile ambacho kiwanja hutoa bure, nalipenda yai la nyumbani. Kwa mtoto anayehitaji yai leo na kesho na keshokutwa, lililo bora ni lile linalofika mdomoni mwake. Sifa za kuku wa kienyeji zisitumiwe kumzuilia mtoto yai la dukani. Wala urahisi wa plato usitufanye tuache kufuga, tukaiacha meza yetu mikononi mwa lango la mpaka.

Wengi wenu mna kiwanja nyumbani, hata kama ni kidogo. Kuku watano hawahitaji mali nyingi, wanahitaji uangalifu. Banda liinuliwe kutoka ardhini na lifungwe usiku. Maji safi yawepo kila siku. Maganda ya mayai yakaushwe motoni, yasagwe, na wapewe tena kuku, kwani ganda karibu lote ni chokaa, na kuku anayekosa chokaa hutaga mayai laini au huacha kutaga. Zaidi ya yote, chanjo ya Newcastle: iko ya tone moja tu katika jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haiwekwi siku nyingi. Hapo ndipo kikundi cha vijana kinapoweza kufanya kile ambacho nyumba moja haiwezi. Mkichanga, mkapatana siku, mkapita mtaa mzima kuku kwa kuku, mnaweza kuziokoa nyumba nyingi na msiba ule wa juma moja niliouona kwa kambo.

Na mayai yakianza kupatikana, ulizeni jikoni kwenu, kwa heshima na bila kelele, yanakwenda kwa nani. Mgeni na apewe. Ukarimu ni utajiri wetu. Altare na ipokee. Minervali na ilipwe. Lakini msichana anayeyakusanya na pindo la nguo yake, naye awe na siku yake ya kula.

KWA MAZUNGUMZO KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, ni nani hula yai kwanza, na ni nani hula mwisho au hali kabisa? Ni nani aliyeamua hivyo?

2. Ni maneno gani ya kale kuhusu mayai umeyasikia katika ukoo wako? Yalimlinda nani, na yalimnyima nani?

3. Je, mahali mnapofuga au mnapotaka kufuga, udongo ni mwema? Ni nini kilichotupwa hapo zamani?

4. Hesabuni kuku wote wa shirika lenu. Chanjo ya pamoja ingehitaji nini, na ni nani kati yenu ataianza?